Kichwa bado hakijatulia, nami nataka kujitolea: nianzie wapi?

Swali

Shikamoo. Nina miaka 36, ni mhasibu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Miezi mitano iliyopita bodaboda niliyopanda iligongana na bajaji, nikaangukia kichwa. Kofia ngumu sikuvaa. Nilipoteza fahamu kwa muda mfupi tu. Hospitali walinipiga CT wakasema ubongo uko salama, wakanipa dawa za maumivu na kuniambia nipumzike. Nimepumzika mpaka nimechoka kupumzika. Kichwa kinawanga kila jioni na nameza panadol karibu kila siku. Nikigeuka kitandani chumba kinazunguka, kelele za daladala zinanichoma, na nikisoma nusu ukurasa herufi zinaanza kuogelea. Mkataba wangu wa kazi uliisha nikiwa mgonjwa, haukuongezwa. Mume wangu ananiambia nitulie nyumbani mpaka nipone, lakini kukaa bila faida kunanimaliza. Niliomba kujitolea kwenye kituo cha kulelea watoto yatima hapa jirani. Siku ya kwanza nilikaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, nikarudi nikalala siku mbili mapazia yakiwa yamefungwa. Sijarudi tena, wala sikumuaga mama mlezi, naona aibu. Nifanyeje nipone? Na ni kazi gani ya kujitolea inayoweza kunifaa, yenye maana, isiwe ya kusogeza siku tu?

Jibu

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa ajali, kwa kichwa, na kwa kazi iliyokuponyoka ukiwa bado unaugulia.

Nianze na hiyo aibu, maana naona inakubana kuliko hata maumivu. Ulikaa saa saba katika kelele za watoto, mwanga wa mchana, sahani zikigongana, kila mtoto akivuta nguo yako. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo. Kazi yangu ni kumsaidia mtu aliyeumia arudi kupika, kusoma, kufanya kazi na kuishi na watu. Ungenifuata kabla ya siku ile ningekuruhusu dakika 40, tena za kukaa barazani. Ulibeba mzigo mkubwa mno siku ya kwanza, kichwa kikadai chake. Mama mlezi hakujua, na wewe hakuna aliyekuwa amekueleza. Habari ya kituo tutairudia mwishoni, kwa sababu mlango ule sidhani kama umefungwa.

Sasa hiyo CT. Kipimo kile hutafuta damu iliyovuja, mfupa uliovunjika, uvimbe. Kilikuwa cha lazima na nimefurahi kwamba ulipigwa. Ila mtikisiko wa ubongo hukaa mahali ambapo picha ile haifiki, kwenye utendaji wa chembe za neva zenyewe. Kichwa kinapotikiswa ghafla, potasiamu hutoka ndani ya chembe na kalisi huingia kwa wingi. Chembe hulazimika kuyasukuma madini hayo yarudi kila moja mahali pake, na kazi hiyo hula sukari nyingi, wakati uleule ambapo damu inayoileta sukari imepungua. Fikiria pampu ya maji inayozunguka usiku kucha huku uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinakaribia kuisha. Ukiwasha na pasi, nyumba nzima giza. Ndiyo maana mtu aliyetikisika anaweza kuonekana mzima kabisa, akacheka na wageni, kisha baada ya nusu saa akashindwa kumaliza sentensi. Wale wanaokuambia "mbona umzima?" wanaiona ile nusu saa ya kwanza tu.

Kwa watu wengi hali hiyo hutulia ndani ya wiki chache. Wewe uko mwezi wa tano. Mgonjwa akifika hapo, mimi huanza kutafuta ni nini kingine kinachoendelea kumuumiza, kwa sababu mara nyingi kipo, na mara nyingi kinatibika. Katika barua yako nimeona vitu vitatu vya namna hiyo.

Cha kwanza ni chumba kuzunguka unapogeuka kitandani. Kama mzunguko huo hudumu kwa sekunde chache halafu ukakoma, nashuku sikio la ndani. Kishindo cha ajali huweza kuzihamisha chembechembe ndogo za chokaa zinazotusaidia kujua kichwa kimeelekea wapi, zikaingia kwenye mfereji ambao si wake. Hakuna kidonge cha kuzirudisha. Kinachozirudisha ni kulazwa na kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu, kazi ya dakika chache ambayo daktari wa masikio au mfiziotherapia (mtaalamu wa tiba ya viungo) aliyejifunza ataifanya hapohapo kwenye kitanda cha kliniki. Nimeona watu waliohangaika miezi na vidonge vya kizunguzungu wakapata nafuu siku ile ile au baada ya kurudia mara mbili tatu. Usijaribu nyumbani kwa kufuata video, kwa sababu lazima kwanza ijulikane ni sikio lipi, na shingo yako iangaliwe.

Cha pili ni panadol ya kila siku. Dawa ya maumivu ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, inaweza yenyewe kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa vidonge mchanganyiko, vile vyenye kafeini ndani, siku 10 kwa mwezi zinatosha kufikisha mtu huko. Zungumza na daktari namna ya kuziacha, na ujue kwamba siku za mwanzo kichwa kinaweza kuuma zaidi kabla hakijapoa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu katika maduka ya dawa ya mitaani hakuna atakayekuuliza hii ni karatasi yako ya ngapi.

Cha tatu ni herufi zinazoogelea. Macho mawili yanapaswa kukutana kwenye neno moja, na baada ya mtikisiko mara nyingi huchoka kukutana. Mtaalamu wa macho akupime uwezo huo pia, maana mtu anaweza kusoma ubao wa herufi hadi mstari wa mwisho na bado akawa na shida hii. Shingo nayo iangaliwe. Pigo lililotikisa kichwa lilipitia shingoni, na maumivu yanayoanzia kisogoni yakapanda hadi kwenye paji la uso mara nyingi ni ya shingo.

Kwa hapo Dar es Salaam unaweza kuanzia MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, ambako majeraha ya kichwa ndiyo kazi yao ya kila siku, au hospitali ya CCBRT kule Msasani kwa huduma za utengamao, yaani kumrudisha mtu kwenye shughuli zake. Sisi watoa tiba kwa vitendo hatuko wengi nchini; wengi wetu tumepitia chuo cha hospitali ya KCMC, Moshi. Ukimkosa mmoja wetu, mfiziotherapia mzuri atakufikisha mbali.

Ila usingoje miadi hata dakika moja ikiwa maumivu ya kichwa yanazidi siku hadi siku, ukitapika tena na tena, ukipata degedege, mkono au mguu ukilegea, ulimi ukiwa mzito, au watu wakishindwa kukuamsha vizuri. Kuna damu inayovuja polepole chini ya fuvu na kujitokeza wiki kadhaa baada ya ajali, hata kama CT ya kwanza ilikuwa safi. Hiyo hutokea zaidi kwa wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, lakini dalili hizo akiziona yeyote, hospitali usiku huohuo.

Kuhusu kupumzika, uliambiwa neno moja bila kipimo, na hilo linanisikitisha. Zamani tulikuwa tunawafungia watu kwenye chumba cha giza mpaka dalili ziishe. Mwaka 2022 wataalamu wa mtikisiko kwa wanamichezo walikutana Amsterdam, na tamko lao lililotoka 2023 liko wazi: mapumziko mepesi yasizidi siku mbili za mwanzo, kisha mtu aanze kutembea na kurudia shughuli kidogo kidogo. Giza la muda mrefu hulegeza mwili, huvuruga usingizi na kuufanya ubongo uuogope mwanga hata pale ambapo ungeweza kuuvumilia. Tamko hilo liliandikwa kwa ajili ya wachezaji, lakini mwelekeo huohuo tunautumia kwa aliyeanguka na bodaboda.

Basi anza na kutembea. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali na daladala hazijajaa barabarani, tembea dakika 15 kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza bila kuhema. Kabla ya kutoka jiulize dalili zako ziko ngapi kati ya 0 na 10, uandike kwenye daftari. Ukirudi jiulize tena. Zikiongezeka kwa alama moja au mbili kisha zikatulia ndani ya saa moja, umefanya kiasi kinachofaa. Zikipanda zaidi ya hapo, kesho punguza dakika, usiache kabisa. Wewe ni mhasibu, daftari si geni kwako, na naomba ulipende hili, kwa sababu ndilo litakalotuongoza kwenye kujitolea pia.

Kuna jambo litakalokujaribu kuliko yote, nalo ni siku nzuri. Utaamka kichwa chepesi, useme leo nafua, napika pilau, naenda Kariakoo, nampigia simu kila niliyemkosa. Siku mbili zinazofuata utalipa. Baada ya miezi kadhaa ya mtindo huo mtu huanza kuamini kwamba kila shughuli humdhuru. Siku nzuri fanya kile kile ulichopanga, na siku mbaya ukifanye nusu yake.

Tuje kwenye kujitolea. Neno hili kwetu lina sura mbili, na lazima ujue unaomba ipi. Vijana wengi "wanajitolea" mashuleni na kwenye vituo vya afya kwa matumaini ya kuajiriwa. Wanasaini kitabu cha mahudhurio, wanashinda mpaka jioni, wanakaa miaka. Sura hiyo siyo ya kwako sasa, na ukienda kuomba nafasi bila kueleza, hiyo ndiyo utakayopewa. Sura ya pili ndiyo ile ya jirani anayetoa saa yake. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wa kawaida waliongoza vikundi vidogo vya wenzao, redio katikati, kwa saa iliyojulikana. Kampeni hiyo ya afya ilifikia watu wapatao milioni mbili kwa njia hiyo. Nawakumbuka hao ninapoombwa ushauri kama wako, kwa sababu kazi yao ilikuwa na mpaka: kikundi kimoja, somo moja, saa moja, watu wakaenda mashambani kwao.

Kabla ya kujiuliza kazi gani ni nzuri, jiulize kazi hiyo itamgharimu nini ubongo wako. Kuna kelele kiasi gani? Naweza kusimama katikati nikapumzika dakika kumi bila mtu kuumia? Nitaangalia skrini? Kuna jambo la haraka la kuamua? Na nitafikaje? Hili la mwisho watu hulisahau. Ukitoka Tabata kwa daladala mpaka katikati ya jiji, ukasimama, honi, muziki, jua dirishani, umeshatumia nguvu za siku nzima kabla hujamsalimia mtu. Kazi iliyo mwendo wa dakika kumi kwa miguu, hata kama ni ndogo, kwa sasa inaishinda nafasi nzuri iliyo ng'ambo ya jiji. Tena bodaboda usipande kabisa katika kipindi hiki. Pigo la pili ubongo ukiwa haujapona linaweza kukurudisha nyuma sana, na siku utakapolazimika kupanda baadaye, kofia ngumu iwe ya kwako na iwe imefungwa.

Pengine umeshafikiria kusaidia kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, kutunza hesabu, au ofisi ya parokia, au msikiti. Nakuomba usianze na hesabu. Ndiyo kazi unayoijua kuliko zote, na hapo ndipo utakapojilinganisha kila dakika na yule mhasibu wa kabla ya ajali. Tena fedha za watu hazisamehi kosa. Tarakimu moja ikiruka, amani ya kikundi na ya moyo wako vinaondoka pamoja. Niliwahi kumhudumia mwalimu aliyerudi kufundisha kwa kujitolea mapema mno, akasahau majina ya wanafunzi wake mbele ya darasa, na jeraha lile lilichukua muda mrefu kupona kuliko la kichwa. Hesabu zitarudi. Zipe nafasi baada ya miezi kadhaa, kwanza kwa kukagua kazi ya mwingine, bila haraka.

Kazi ninazopenda kwa mtu aliye katika hali yako ni za mikono na za mtu mmoja mmoja. Kufuma kofia za watoto njiti ni mfano ninaoupenda sana. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoteza joto haraka, na sehemu kubwa hupotelea kichwani, kwa hiyo kofia kwake ni sehemu ya matibabu. Unafuma ukiwa nyumbani, unaacha mshono popote, unaendelea kesho. Uliza kwanza wodini wanataka vipimo gani na uzi upi, wauguzi wana taratibu zao za usafi. Kufuma ni kazi ya karibu na macho, hivyo dakika 15 kisha inua uso uangalie mbali.

Nyingine ni kumfundisha mtu mzima mmoja kusoma na kuandika. Yupo dada wa kazi, yupo mama muuza vitumbua, yupo mlinzi wa geti. Herufi za mwanzo ni kubwa, somo ni fupi, na mwendo wa mwanafunzi ni wa polepole kama ulivyo wa kwako leo. Hutahitaji kumficha kwamba na wewe macho huchoka. Kitalu cha miche cha shule au cha mtaa nacho kinafaa, ila viriba viwekwe juu ya meza, kwa sababu kuinama na kuinuka kutakuletea kizunguzungu.

Kuna nafasi ambazo ningekuzuia kwa sasa, hata kama moyo unakuvuta. Kampeni za kuchangia damu ni kazi njema mno lakini huwa na spika. Kuendesha kundi la WhatsApp la hisani kutakutia kwenye skrini hadi usiku. Kuwafariji majeruhi wengine wa ajali, au kutoa ushuhuda wako kwenye elimu ya usalama barabarani, kutakurudisha kwenye lami ile kila mara. Huenda mwakani ukawa mtu muhimu sana katika kazi hiyo. Sasa jeraha bado bichi.

Unapozungumza na kiongozi wa mahali, usijieleze sana wala usiombe radhi. Sema: "Niliumia kichwa kwenye ajali na ninaendelea kupona. Naweza kuja Jumanne na Ijumaa, saa tatu hadi saa nne kasoro dakika kumi na tano asubuhi. Ninahitaji mahali pasipo na kelele, na nikichoka nitaomba kupumzika. Fedha sitashika." Mtu anayejua mpaka wako atakupangia kazi. Asiyeujua atakupangia siku nzima, kama ilivyotokea. Fanya hivyo wiki mbili bila kubadilisha chochote. Daftari likionyesha kwamba kila asubuhi inayofuata umeamka kama kawaida yako, ongeza dakika 15, au ongeza siku, au kubali kelele kidogo. Kimoja tu kwa wakati mmoja, ili kikikushinda ujue ni kipi.

Umeuliza kuhusu maana, na sitaki nilipite swali hilo haraka. Umeandika kwamba kukaa bila faida kunakumaliza. Kazini ulijua mwisho wa mwezi vitabu vimefungwa. Kulikuwa na kitu kilichokamilika kwa mkono wako na watu waliokitegemea. Kwa hiyo nakushauri uchague kazi yenye mwisho unaoonekana, na mtu anayeisubiri. Kofia tano zimefika wodini. Mama wa vitumbua ameandika jina lake. Kazi ya "kusaidia saidia tu" pale ofisini itakuacha na uchovu bila hicho unachokitafuta.

Mume wako mpe barua hii asome. Anakupenda na anaogopa, na tena hospitali ilimwambia mapumziko. Muombe jukumu moja: akuulize alama za daftari jioni, na akukumbushe mpaka siku ile nzuri utakapotaka kuuvuka. Na kama huzuni imekuwa ya kila siku, usingizi umekataa, hata vitu ulivyovipenda havina ladha, mweleze daktari waziwazi. Sonona baada ya mtikisiko ni jambo tunaloliona sana, ina tiba, na ikitibiwa hata kichwa hupungua kuuma. Ukijikuta unawaza kwamba heri usingekuwepo, mwambie mtu siku hiyohiyo, usilale nalo.

Sasa kituo. Rudi. Nenda siku ya shule, saa nne asubuhi, wakubwa wakiwa darasani na wadogo wakinywa uji. Msalimie mama mlezi, mweleze kilichokupata kwa sentensi zile nilizokuandikia. Kisha muulize kama kuna sare za shule zinazohitaji vifungo. Kwenye kituo cha watoto wengi nguo za kushonea vifungo hazikosekani, na hakuna mwenye muda nazo. Kaa barazani, mgongo wako ukiwa kivulini na macho yakiwa mbali na mwanga, ushone mashati matatu, uage, uondoke na kichwa chako kikiwa bado chepesi. Beba sindano ya tundu kubwa, uzi mweupe kwa mashati na wa bluu kwa sketi na kaptula, na daftari lako.